Fizikia Kabla ya Hisabati: Dhuluma kwa Mwanafunzi

Imeenea rai miongoni mwa baadhi ya walimu na wazazi, na hata miongoni mwa wanafunzi wenyewe, kwamba mwanafunzi aweza kuingizwa katika darasa la juu la fizikia kabla ya kujifunza hisabati ambayo darasa hilo laihitaji. Husemwa: "Mwacheni aingie, hisabati ataiokota njiani." Rai hii hutolewa kwa sauti ya upole, na mara nyingi kwa nia njema, kwa hiyo wachache huthubutu kuipinga. Mimi naipinga. Nasema kwamba kumwingiza kijana katika darasa hilo hali mikono yake mitupu ni kumdhulumu, na kwamba dhuluma hiyo humwangukia mtoto wa maskini kuliko mtoto wa tajiri.

Pengine msomaji atauliza: jarida la walimu wa Kiswahili lina nini na fizikia? Lina mengi. Kwanza, wanafunzi ni wale wale. Kijana akaaye mbele yetu asubuhi akichambua ngeli za majina ndiye huyo huyo akaaye maabarani adhuhuri akiutazama ubao asielewe kilichoandikwa. Pili, hisabati ya fizikia ni lugha. Ina msamiati wake na sarufi yake, nasi ni watu ambao kazi yetu ni kujua mtu hupatwa na nini asomeshwapo matini asiyoijua sarufi yake. Tatu, wapo miongoni mwetu, wapenzi wa Kiswahili, ambao bila ya kukusudia wamekuwa mawakili wa rai hii. Hao nitawarudia hapo mbele.

Tuanze na jambo lenyewe. Mwanafunzi wa madarasa ya chini hufundishwa kwamba jiwe likiachiwa kutoka juu huongeza kasi kwa mita 10 hivi kwa sekunde katika kila sekunde. Hupewa kanuni tatu fupi, huzikariri, nazo zikamfaa. Akiulizwa jiwe litachukua muda gani kuanguka kutoka kilele cha mnara wa mita 45, hujibu kwamba litachukua sekunde 3, na litafika chini kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde. Jibu ni sahihi. Mwalimu humtilia alama ya vema, mzazi hufurahi, na kijana huamini kwamba ameijua fizikia ya mwendo. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni zile tatu zina sharti moja: mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, haruhusiwi mtu kuubadili tangu mwanzo hadi mwisho wa safari.

Sasa mpandishe kijana huyo darasa la juu. Huko hukutana na jiwe lililofungwa kwenye uzi wa mita 1, likavutwa kando kwa sentimita 10, likaachiwa libembee. Hapa mchapuko unaoliongezea jiwe kasi haukai mahali pamoja. Mwanzo ni karibu mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, kisha hupungua kadiri jiwe linavyokaribia katikati, na katikati kabisa huwa sifuri. Kijana asiyejua hisabati ya mambo yanayobadilika hana la kufanya ila kushika kanuni zake tatu za zamani. Atapiga hesabu na kupata kwamba jiwe litafika katikati baada ya sekunde 0.45, likiwa na kasi ya mita 0.44 kwa sekunde. Ukweli ni kwamba litafika baada ya sekunde 0.50, na kasi yake itakuwa mita 0.31 kwa sekunde.

Itazameni hitilafu hiyo kwa makini. Muda umekosewa kidogo tu, kiasi cha mtu kuudhania kuwa sahihi. Lakini ile kasi ikigeuzwa kuwa nishati, hutoka nishati maradufu ya ile ambayo jiwe linayo. Kijana ameumba nishati kutoka katika hewa tupu. Amevunja kanuni iliyo kuu kupita zote alizofundishwa, wala hajui kwamba ameivunja. Huyu si mvivu wala si mjinga. Amefanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: ametumia zana aliyopewa. Kosa ni la yule aliyempeleka msituni akapasue mbao kwa kisu cha kumenyea viazi.

Tena jiwe la kwenye uzi ni jambo jepesi. Nyuma yake huja kapasita inayopoteza chaji yake, huja madini ya unururifu yanayofifia mwaka hata mwaka, huja maji ya moto yanayopoa katika kikombe. Yote hayo yana sentensi moja ya hisabati: kitu hupungua kwa kiwango kinacholingana na kile kilichobakia. Aliyejifunza kalkulasi na logarithi huona mara moja kwamba kapasita na madini ni hadithi moja iliyosimuliwa mara mbili. Asiyejifunza hukariri hadithi mbili, kisha tatu, kisha kumi, mpaka kichwa kinajaa naye hajaelewa hata moja. Ndipo tunapowasikia watu wakisema kwamba fizikia ni somo la kukariri. Si somo la kukariri hata kidogo. Tumelifanya liwe hivyo kwa kuwanyang'anya wanafunzi kile kinacholifupisha.

Watetezi wa rai ninayoipinga wana hoja zao, nami sitazificha. Hoja yao ya kwanza ni mtu mmoja, Michael Faraday wa Uingereza. Faraday alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu. Hisabati aliyoijua ilikuwa haba mno. Hata hivyo mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzaa mkondo wa umeme, na mitambo ya umeme ya dunia nzima imejengwa juu ya ugunduzi huo. Ikiwa Faraday aliweza, husema, kwa nini kijana wetu asiweze?

Hoja hii yapendeza masikioni, lakini haisimami. Faraday hakuwekwa katika darasa la juu la fizikia na kuandikiwa mtihani wa milinganyo. Tangu mwaka 1813 alikuwa katika maabara ya Royal Institution mjini London, chini ya Humphry Davy, akishika vyombo kwa mikono yake siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Mpeni kijana wetu maabara hiyo na miaka hiyo, nami nitanyamaza. Juu ya hayo, kazi ya Faraday haikufika mwisho wake mikononi mwa Faraday. Ilimngoja James Clerk Maxwell, mtu aliyebobea katika hisabati, ambaye aliyaandika mawazo ya Faraday kwa milinganyo na kuyakusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1873. Ni katika milinganyo hiyo ndipo ilipoonekana kwamba nuru yenyewe ni wimbi la umeme na sumaku, na ni kwa kuifuata ndipo Heinrich Hertz alipoyazalisha mawimbi ya namna hiyo katika maabara, kazi iliyokamilika mwaka 1888. Redio iliyo mezani mwetu ni mjukuu wa milinganyo ile.

Ni kweli kwamba mwaka 1857 Faraday alimwandikia Maxwell barua akimwuliza kama wanahisabati, baada ya kumaliza kazi yao, wasingeweza kuyaeleza matokeo yao kwa lugha ya kawaida pia. Wapinzani wangu huitaja barua hiyo kama ushahidi wao. Naisoma kinyume chao. Faraday hakuomba hisabati iachwe. Aliomba ifasiriwe, na afasiriye hana budi kuzijua lugha zote mbili. Ombi lile ni letu sisi walimu, si la mwanafunzi atakaye kuukwepa mlima.

Hoja yao ya pili ni Albert Einstein. Husemwa kwamba naye aliianza kazi yake kubwa juu ya uvutano kabla ya kujua hisabati yake, akaisoma baadaye. Hilo lina ukweli ndani yake. Mwaka 1912, aliporejea Zürich, Einstein alitambua kwamba hana jiometri ya kutosha, akamwendea Marcel Grossmann, rafiki yake wa tangu masomoni, amsaidie. Lakini hebu tuitazame hali ya huyo aliyekuwa hana hisabati ya kutosha. Kalkulasi alikwisha kujifunza kabla ya kutimiza umri wa miaka 17. Mwaka 1900 alikwisha kupata stashahada ya chuo kikuu cha ufundi cha Zürich. Alichokosa kilikuwa orofa ya juu ya jengo, ilhali kijana wetu amekosa msingi. Na pamoja na kipaji chake chote, na pamoja na Grossmann kando yake, alisumbuka hadi Novemba 1915 ndipo akaipata milinganyo aliyoitafuta. Ikiwa Einstein alihitaji miaka mitatu na mwalimu wake peke yake, tunawezaje kumwambia mtoto wa kidato cha tano, mmoja kati ya wengi darasani, kwamba hisabati ataiokota njiani?

Waweza kumwongeza na Werner Heisenberg. Katika mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 23, aliandika hesabu za kwanza za fizikia mpya ya kwanta akitumia majedwali ya namba ambayo hakuyajua kwa jina. Ni Max Born, mkubwa wake, aliyetambua kwamba hayo ndiyo matriksi, kwani alikuwa ameyasoma ujanani. Katika kila hadithi ya namna hii kuna mtu wa pili, jirani mwenye hisabati, ambaye wasimulizi humsahau. Mwanafunzi wetu hana Grossmann wala hana Born. Anao wenzake waliopotea kama yeye.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami naiheshimu. Husemwa kwamba hisabati hujifunzwa vyema pale inapohitajika. Kwamba Isaac Newton aliijenga kalkulasi na fizikia ya mwendo katika fikra moja. Na kwamba hisabati inayofundishwa peke yake, bila ya kitu cha kuitumia, hukauka kama samaki aliyesahauliwa juani. Nakubali. Mwanafunzi aliyewahi kujiuliza jinsi kasi ya gari inavyobadilika ataipokea kalkulasi kwa furaha kuliko yule aliyeandikiwa alama ubaoni bila ya sababu. Lakini kufundisha mambo mawili pamoja ni kazi mahsusi, yenye mpango wake na saa zake. Mwalimu wa fizikia husimama, huweka kando somo la siku ile, na kuifundisha hisabati ile hasa inayotakiwa, kisha huirudia fizikia. Hayo ndiyo maana ya pamoja. Kile kinachotetewa katika shule zetu kwa jina hilo ni kingine: mwalimu wa fizikia huandika mlinganyo na kusema, "Hili mtalisoma kwa mwalimu wa hisabati," na mwalimu wa hisabati hulifikia miezi sita baadaye, wakati ambapo mtihani wa fizikia umekwisha kufanywa. Huko ni kumtupa mtoto katikati ya nyumba mbili, kila nyumba ikidhani amelala nyingine.

Hata pale ambapo kazi hiyo ilifanywa na mtu hodari kupita kiasi, haikuwa rahisi. Richard Feynman alifundisha fizikia kwa wanafunzi wa miaka ya kwanza katika chuo cha Caltech huko Marekani kuanzia mwaka 1961 hadi 1963, akiifafanua hisabati kila alipoihitaji. Masomo yale yamekuwa kitabu mashuhuri. Lakini yeye mwenyewe, katika dibaji ya mwaka 1963, alionyesha mashaka kama wanafunzi walio wengi walinufaika kama alivyotaraji. Nao walikuwa vijana teule, wenye msingi mzuri wa hisabati tangu shuleni.

Ipo hoja ya nne, isiyosemwa hadharani, nayo ni hofu ya kuchelewa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mzazi amelipa karo. Mwaka ukipita ni hasara. Jirani mtoto wake amekwisha kuingia. Naielewa hofu hiyo. Lakini na tupige hesabu yake sawasawa, maadam tunazungumzia hesabu. Muhula mmoja wa matayarisho una gharama ya muhula mmoja. Kufeli na kurudia kuna gharama ya mwaka mzima, tena huacha kovu moyoni. Na kubadili njia kabisa, akaiacha sayansi mtu aliyekuwa na kipaji nayo, hakuna awezaye kuitaja gharama yake.

Tena wako watu wakubwa kuliko sisi waliokwisha kuona kwamba matayarisho si aibu. Abdus Salam wa Pakistan, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, alianzisha mwaka 1964 kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kukutana na wenzao. Tangu mwaka 1991 kituo hicho kimekuwa na masomo ya stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea ambao tayari wana shahada, lakini msingi wao haujatosha kuingia katika utafiti wa juu. Hawaambiwi waokote njiani. Hukalishwa mwaka mzima na kupewa kilichopungua. Na tangu mwaka 2018 upo mjini Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, taasisi ya utafiti ya Afrika ya Mashariki iliyo mshirika wa kituo cha Trieste. Ikiwa mwenye shahada hupewa mwaka wa kujazia mapengo, kwa nini mtoto wa shule anyimwe hata wiki sita?

Nimesema kwamba dhuluma hii humwangukia maskini, na sasa nitaeleza. Katika Tanzania na Uganda, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyechagua Fizikia, Kemia na Biolojia amekuwa kwa miaka mingi akisoma fizikia ile ile ya mwenzake aliyechagua Fizikia, Kemia na Hisabati, na kufanya mtihani ule ule wa fizikia. Huko Tanzania alipewa somo dogo la hisabati tumizi ya msingi. Huku Uganda aliweza hata kuchagua somo dogo la kompyuta badala ya hisabati. Mtihani haumwulizi alisoma mchepuo gani. Kapasita haimwonei huruma kwa kuwa yeye ataka kuwa daktari.

Basi nani huliziba pengo hilo? Katika mji, mzazi mwenye uwezo humwajiri mwalimu wa jioni. Mtoto hufundishwa kalkulasi mezani kwao wakati wa likizo, akafika darasani amekwisha kuvuka. Katika shule ya mbali, ambako mwalimu wa hisabati ni mmoja na vidato ni vingi, hakuna wa kuliziba. Mwisho wa mwaka watoto hao wawili hupimwa kwa mtihani mmoja, na tofauti yao huitwa akili. Msichana naye huambiwa neno baya zaidi, kwamba hisabati si fani ya wanawake, hali tatizo lake ni lile lile la kaka yake: hakufundishwa. Kwa hiyo hao wasemao "mwacheni aingie" hudhani wanamfungulia mlango mnyonge. Kwa kweli wanaufungua kwa yule ambaye kwao kuna ngazi.

Sasa nawarudia wenzangu, wapenzi wa Kiswahili. Katika nchi zetu fizikia husomeshwa kwa lugha za kigeni. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini sekondari hubadilika kuwa Kiingereza. Uganda ni Kiingereza. Rwanda imekuwa Kiingereza tangu uamuzi wa mwaka 2008. Burundi na Kongo ni Kifaransa. Hivyo kijana anavushwa mito miwili kwa pigo moja, mto wa lugha asiyoimudu na mto wa hisabati asiyofundishwa. Wengi wetu tumeuona mto wa kwanza na kuupigia kelele, na kelele hizo ni za haki. Tunayo kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Tunayo maneno kama kani, tungamo, nishati, mchapuko, mlinganyo. Anayesema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fizikia hajakifungua kitabu.

Lakini baadhi yetu wamekwenda mbali wakasema: fundisheni fizikia kwa Kiswahili fasaha, na hisabati haitakuwa na haja, kwani mtoto ataelewa kwa maneno. La hasha! Hapa lazima tuambiane ukweli. Chukueni sentensi hii nzuri ya Kiswahili: "Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo uvutano unavyopungua." Ni sentensi safi, yenye mizani, na ni ya kweli. Lakini haisemi uvutano hupungua kwa kiasi gani. Umbali ukizidi mara mbili, je, uvutano hubaki nusu, au robo? Sentensi yetu yazikubali zote mbili kwa moyo mkunjufu.

Newton alilijibu swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1687. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha mara 60 ya nusukipenyo cha dunia. Ikiwa uvutano hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali, basi huko juu uvutano wa dunia ni sehemu 1 ya 3,600 ya ule tuujuao hapa chini, na hesabu yatoa kwamba Mwezi hutuzunguka kwa siku 27 na kitu, kama ilivyo. Kama ungepungua kwa umbali wenyewe tu, uvutano huko ungekuwa sehemu 1 ya 60, na Mwezi uliopo mahali hapo ungelazimika kumaliza mzunguko wake kwa siku tatu na nusu hivi. Mwezi wa Ramadhani ungeandama na kuisha kabla ya wiki kwisha! Sentensi yetu nzuri haikuweza kutofautisha dunia hizo mbili. Mlinganyo mfupi uliweza. Kwa hiyo ajuaye neno "mchapuko" bila ya kujua jinsi ya kuupima unapobadilika ana jina la kitu, hana kitu. Kiswahili kitamsaidia mtoto kuielewa hisabati; hakiwezi kukaa mahali pake.

Nasi twalijua jambo hili katika kazi yetu wenyewe. Ni nani kati yetu ampaye mwanafunzi wa Gulu au wa Gitega, ambaye bado hajashika upatanisho wa ngeli, utenzi wa kale wa Lamu achambue? Akimpa, mwanafunzi atafanya nini? Atakariri maelezo ya mwalimu na kuyarudisha katika mtihani neno kwa neno, na ataondoka akiamini kwamba ushairi wa Kiswahili ni fumbo la watu wa pwani. Tukimwona mwenzetu akifanya hivyo twamwonya. Basi tusiwe na sheria moja kwa ushairi na nyingine kwa fizikia.

Yafaa basi tuseme nini kifanywe, kwani kulaumu peke yake hakumvushi mtu. Napendekeza mambo manne. La kwanza, kila darasa la juu la fizikia litangaze mlangoni, kabla ya mwaka kuanza, hisabati inayotakiwa: mteremko wa mstari, vekta, trigonometria, logarithi, mwanzo wa kalkulasi. Mwanafunzi na mzazi wajue wanachokiendea. La pili, pawe na jaribio fupi la kuingilia, ambalo kazi yake ni kumjua mwanafunzi alipo na si kumfukuza. Aliyepungukiwa apewe wiki sita za matayarisho, bila malipo ya ziada, ndani ya ratiba ya shule. La tatu, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa hisabati wakae meza moja mwanzoni mwa kila muhula na kuzilinganisha kalenda zao, ili kalkulasi isifike baada ya maziko.

La nne latuhusu sisi. Tutenge saa chache katika masomo yetu kuwafundisha wanafunzi kusoma mlinganyo kama sentensi. Tuwaonyeshe tofauti ya "sawa na" na "sawia na", ya "ikiwa" na "iwapo tu", ya "huongezeka" na "huongezeka kwa kasi inayoongezeka". Tuwaonyeshe kwamba neno "nguvu", ambalo mtaani hubeba mizigo mingi, katika fizikia lazima ligawe mizigo yake kwa kani, nishati na uwezo. Kazi hiyo hakuna mwingine awezaye kuifanya vizuri kuliko mwalimu wa lugha, nayo haimwondolei Kiswahili heshima yake. Yamwongezea mwanafunzi sababu ya kukiheshimu.

Najua nitajibiwa kwamba walimu ni wachache na saa hazitoshi. Ni kweli. Lakini uchache wa walimu haujawahi kuwa sababu ya kumdanganya mwanafunzi. Ikiwa hatuna uwezo wa kumfundisha hisabati mwaka huu, na tumwambie hivyo waziwazi, yeye na mzazi wake, wachague wakijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa fizikia kuna hisabati. Atakayemwambia mtoto kwamba hana haja ya kuinama amemnyima kile alichokijia, kisha atamlaumu kwa kurudi mikono mitupu. Walimu wenzangu, tusiwe washiriki wa jambo hilo.